Mawe ya Pwani Hayalii

Baba yangu alichonga mawe Kitengela kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hapakuwa na ukuta hata mmoja ambao angeweza kuunyooshea kidole na kusema kwa hakika kwamba huu ni wangu. Mawe yaliondoka timboni, au kwari kama tulivyopaita sote, yakiwa yamepangwa kwenye lori. Yakaenda Nairobi, yakaenda Athi River, yakaenda Ongata Rongai, na huko yakapigwa plasta na kupakwa rangi. Tukipita barabara ya Namanga alikuwa akisema, "Hiyo nyumba iko na mawe yangu," na Mama alikuwa akimjibu, "Hata ile ingine ulisema hivyo." Hakuwa akimkejeli. Ni kweli kwamba Baba alisema hivyo kuhusu karibu kila nyumba.

Tulihamia Kitengela kutoka Ukambani mwanzoni mwa miaka ya tisini, mji wenyewe ukiwa ni maduka machache kando ya lami, na nyumbu wakipita nyuma ya chumba chetu bila kutuomba ruhusa. Nyumbani tulizungumza Kikamba cha kukemeana na Kiswahili cha mambo mengine yote, kwa sababu majirani wa upande mmoja walikuwa Wamaasai na wa upande wa pili walikuwa watu wa kila mahali. Mama alijua kusalimia "sopa" kwa Kimaasai kabla hajajua mahali pa kuteka maji. Ndugu zangu wakubwa waliondoka mmoja mmoja, mpaka nikabaki mimi peke yangu, msichana wa kidato cha pili katika shule ya bweni huko Kajiado, mwenye tabia ya kutazama watu kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza. Mama alinikanya kuhusu tabia hiyo. Sijaiacha.

Halafu akatokea kontrakta mmoja. Alikuja timboni kununua mawe ya shule fulani, akasimama nyuma ya Baba kwa muda mrefu akimtazama anavyonyoosha pembe za jiwe kwa tindo na nyundo. Wiki iliyofuata alirudi. Alisema Mombasa kuna jengo la enzi za Wazungu, karibu na Ngome ya Yesu, ambalo zamani lilikuwa ofisi ya biashara ya meli. Mwenye jengo analifanyia ukarabati, mawe mengi yameliwa na hewa ya chumvi, na mafundi wa kuchonga kwa mkono ni wachache siku hizi. Je, angependa kwenda?

Baba hakuwa mtu wa kupenda safari. Alikwenda. Siku ya kuondoka, mwezi wa Januari, akiwa anafunga tindo zake mbili ndani ya fulana kuukuu, alimwambia Mama sababu yake, na ilikuwa moja tu.

"Hiyo haipigwi plasta," alisema. "Hiyo jengo iko na miaka karibu mia na mawe yake inaonekana tu hivyo, wazi. Nikiweka yangu, itabaki ikionekana. Hata wewe utakuja uone."

Kwa hiyo hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Jiwe moja la kuonyesha. Kwa mtu mwingine labda ni jambo dogo.

Mama alipeleka habari kwa kikundi cha akina mama kanisani, wakamwombea msafiri, na kila Jumapili wakauliza habari zake. Kufikia Februari, kwa mujibu wa akina mama wa kanisa letu, baba yangu alikuwa anajenga Mombasa. Si jengo fulani Mombasa. Mombasa.

Baba alipiga simu kupitia mwenye duka jirani yetu. Mara ya kwanza alisema kazi iko sawa. Mara ya pili alisema joto ni kali. Mara ya tatu Mama akamshika vizuri: "Lakini jiwe umeweka ama hujaweka?" Mwenye duka akajifanya anapanga sabuni. Kisha Baba akasema, "Niko kwa tao ya baraza. Ile jiwe ya juu kabisa, ya katikati. Ni yangu. Kujeni Aprili shule zikifungwa muone."

Alipokuwa akisema hivyo, Baba alikuwa ameshaondolewa kwenye kazi ya mawe kwa zaidi ya mwezi. Hilo tulilijua baadaye, nami nalitaja sasa kwa sababu sipendi msimuliaji anayemficha msomaji kitu anachokijua ili tu amshtue mbele ya safari. Baba hakuwa na jiwe kwenye tao lile. Alikuwa na mke na binti wanaokuja kuliona.

Tulifika Mombasa alasiri, Mama akiwa amevaa sweta. Alikuwa ameshauriwa na watu watatu kwamba huko kuna joto, akakubali kwa heshima, akalivaa. Baba alitupokea stendi akiwa na shati jeupe nisilolijua. Alikuwa amekonda. Alitusalimia kwa kugusa mabega yetu kwa kiwiko, na mikono yenyewe akairudisha mfukoni, nami nikajiambia kwamba pengine ndivyo watu wa Pwani wanavyosalimiana.

Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Majengo, kwenye nyumba ndefu ya vyumba sita yenye ukumbi katikati. Wenyeji walitukaribisha kwa Kiswahili ambacho Mama alikisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, kama anavyosikiliza mahubiri. Mwanamke wa chumba cha kwanza alimuuliza hali, na hali ya safari, na hali ya watoto, na hali ya huko tutokako. Mama akajibu yote kwa mara moja: "Tuko sawa." Baadaye aliniambia hawa watu ni wazuri, lakini wana maswali mengi kabla ya swali.

Asubuhi Baba alisema jengo limefungwa kwa sababu ya Maulidi, kwamba mafundi wengi wanajitayarisha, kwa hiyo leo twende tuone bahari kwanza. Mama alisema bahari ipo tu, haiendi mahali. Baba akasema jengo pia haliendi mahali. Tukaenda baharini.

Nilikuwa nimesoma juu ya bahari kwa muda mrefu, na nilipoiona nilifikiri tu kwamba ni kubwa. Kilichonivutia zaidi ni watu wa bara. Ufuo wa umma ulikuwa umejaa sisi. Tulitambulika kwa viatu vyetu tulivyoshika mkononi, na kwa jinsi kila mmoja alivyochovya kidole majini, akakilamba, akawageukia wenzake kuthibitisha kwamba ni chumvi kweli. Mama alilamba mara mbili. Akajaza chupa moja ya soda kwa ajili ya akina mama wa kanisani, maana huwezi kutoka Mombasa mikono mitupu na kutarajia kuaminiwa. Kisha akaingia na gauni lake mpaka magotini, akasimama hapo akicheka peke yake kila wimbi lilipompiga. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka bila mtu kumwambia neno.

"Wewe kuja!" alimwita Baba.

Baba alikuwa ameketi mchangani karibu na wauza krispi za muhogo, mikono mfukoni. Akasema yuko sawa hapo. Mama akatoka majini, akamvuta kwa kwapa, wakaingia pamoja wakisukumana kama watoto, na wimbi moja likamyumbisha Baba. Akatoa mikono mfukoni ili ajizuie. Ilipozama majini alitoa sauti iliyowafanya watu kadhaa wageuke.

Mama alimshika mikono akaigeuza. Vidole vilikuwa vyeupe na vimepasukapasuka, ngozi kwenye ncha imeliwa mpaka nyama nyekundu inaonekana, na chumvi ilikuwa imeingia humo mote. Nilijua mikono ya Baba. Mikono ya timboni ilikuwa ya kijivu, migumu, na sugu kwenye viganja. Hii haikuwa hiyo.

"Hii ni nini?"

"Ni kazi tu."

"Jiwe haifanyi mtu hivi."

"Mawe ya huku iko tofauti," Baba alisema.

Hilo lilikuwa kweli, na nadhani ndiyo sababu alilisema kwa urahisi. Mama hakuuliza tena. Alimpaka mafuta ya kujipaka aliyokuwa nayo kwenye mkoba, kidole kwa kidole, palepale mchangani, huku ngamia wa watalii akipita na mwenye ngamia akituuliza kama tunapanda.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Maulidi. Tulikwenda Mji wa Kale baada ya chakula cha mchana. Baba alitembea haraka mbele yetu na kutuonyesha vitu kwa haraka ileile: Ngome na kuta zake, mizinga inayotazama baharini, milango ya mbao iliyochongwa maua, roshani za mbao zilizotoka nje kama droo zilizosahauliwa wazi. Mama aligusa mlango mmoja, akasema fundi huyu hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Kwenye vichochoro palikuwa na harufu ya marashi na udi. Wanaume na watoto wa kiume waliovaa kanzu walipita kwa mamia wakiimba na kupiga matari, na wanawake wenye buibui walikuwa wamejaa madirishani wakiwamwagia marashi kutoka juu. Tulibanwa ukutani kuwapisha. Tone moja lilimwangukia Mama shavuni. Alilipangusa, akanusa vidole, akanitazama kama aliyepewa zawadi ya mtu mwingine na hajui amrudishie nani.

Jengo lilikuwa hatua chache kutoka hapo, limezungushiwa mabati. Baba alikuwa na ufunguo wa kufuli. Alikuwa amepanga vizuri: siku hiyo mafundi wote walikuwa kwenye zefe, yale maandamano ya matari. Tukaingia.

Lilikuwa jengo zuri, sina budi kusema hivyo. Ghorofa mbili, kuta nene za mawe ya matumbawe rangi ya krimu, baraza pana mbele na matao matano yanayotazama barabarani. Mtu aliyelijenga alitaka anayekuja na shida yake asimame barazani kwanza apoe. Matao mawili yalikuwa ya zamani, meusimeusi. Matatu yalikuwa yametengenezwa upya. Baba alisimama chini ya lile la katikati akanyoosha kidole kwa mkono wake mbovu.

"Ile," alisema. "Ya juu."

Mama alitazama. Mimi pia nilitazama.

Hapa inabidi nieleze kitu. Baba hutumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo tindo yake ilikuwa mkono wa kulia na nyundo kushoto, kinyume cha wenzake, na mistari ambayo tindo huacha kwenye uso wa jiwe ililala upande wa pili. Timboni hakukuwa na haja ya kuuliza lundo la Baba ni lipi. Ungesimama mbali, ukaona mawe yote yana mistari inayolalia huku, na lundo moja linalolalia kule. Mama alikuwa amempelekea chakula cha mchana kwa miaka kumi na minne. Alikuwa ameketi juu ya mawe hayo akimngoja amalize kula.

Jiwe lile la juu halikuwa na mistari yoyote ya tindo. Lilikuwa na alama pana na fupi, kama mtu amekwangua sufuria kwa kijiko, na zote zililalia kulia, si upande wa Baba.

Nilimwona Mama akijua. Sijui kama Baba aliona. Mama alikuwa na uso mmoja tu wa kutazamia vitu na hakuubadilisha. Alisema, "Ni jiwe nzuri," na Baba akapumua. Nikadhani mambo yataishia hapo, na ningependa kusema kwamba nilihuzunika, lakini ukweli ni kwamba nilikasirika. Niliona aibu kwa niaba yake, na aibu ya mtu mwingine ni nzito kuibeba kwa sababu hujui uishike wapi.

Mlango wa mabati ukasukumwa. Akaingia mwanamume wa makamo, mfupi, kanzu yake nyeupe imelowa marashi mabegani. Alikuwa ameona kufuli limefunguliwa akaja kuangalia. Alipomwona Baba akacheka.

"Ah, kumbe ni wewe fundi! Na wageni pia. Karibuni, mama, karibuni sana. Hamjambo? Mumefika salama?"

Nilikumbuka kumwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha kana kwamba hakuitarajia kutoka kwa mtu wa bara. Baba alimtambulisha kama fundi mkuu wa mawe. Alimtambulisha kwa sauti ndogo sana.

Mama akasema, "Mzee ananionyesha jiwe yake. Ile ya juu."

Fundi mkuu alitazama tao. Akamtazama Baba. Baba alikuwa akitazama chini, na matari yalikuwa yakisikika kutoka kichochoroni yakipita kwenda upande wa Ngome. Jiwe lile, kama nilivyokuja kujua, alikuwa amelichonga yeye mwenyewe, fundi mkuu, kwa tezo kama ya seremala, kwa siku tatu.

"Naam," alisema. "Ndilo lake hilo. Kazi yake nzuri, mashallah."

Alilisema bila kusita, kama mtu anayempa mwenzake kiti. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi na sijui kama mimi ningeweza kulifanya.

"Hapana," Mama akasema. "Asante, lakini hiyo si yake. Yake naijua."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema sokoni kwamba hii si kilo. Baba aliinua kichwa. Nilitegemea afadhaike, na alifadhaika, lakini kulikuwa na kitu kingine usoni mwake ambacho kilinichukua miaka kukielewa. Katika maisha yake yote alitafuta mtu atakayesimama mbele ya jiwe na kujua kama ni lake au si lake. Mtu huyo alikuwepo, na sasa alikuwa amempata kwa njia mbaya kuliko zote.

"Sasa wewe hapa unafanya nini?" Mama akamuuliza.

Baba akarudisha mikono mfukoni. Fundi mkuu akaanza kueleza kwa niaba yake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha, maelezo yakageuka kisa. Alisema siku ya kwanza walimpa Baba lundo la mawe, lori zima, ayachonge. Akawa anayachukua moja moja, anayagonga kwa nyundo, anatega sikio, anayatupa pembeni. Anagonga, anasikiliza, anatupa. Wao wakadhani labda ni dua ya watu wa bara kabla ya kuanza kazi. Kufikia saa sita lori zima lilikuwa pembeni na mbele yake hapakuwa na hata jiwe moja. Alipoulizwa akasema yote yamepasuka.

"Lori zima, mama! Alitutupia lori zima!"

"Zote zilikuwa hazilii," Baba alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu Mama aulize. "Nilipiga zote. Hakuna hata moja ililia."

Jiwe la Kitengela likiwa zima hulia kama kengele ya mbuzi ukiligonga. Likiwa na ufa ndani hutoa sauti butu, nawe hulitupa, kwa sababu litakuvunjikia mkononi ukiwa umeshalichonga nusu. Hilo ndilo jambo la kwanza mtu hufundishwa timboni, kabla hata ya kushika tindo. Hakuna aliyemwambia Baba kwamba matumbawe yana vitundu mwili mzima, na hayalii kamwe. Walipomweleza aliamini kwa kichwa, lakini mkono wake haukuamini. Alipiga matumbawe jinsi anavyopiga jiwe la kwetu, yakamomonyoka kama mkate mkavu. Wenzake walikuwa wakiyachonga kwa tezo na msumeno, polepole, kama mbao. Baada ya mawe kumi na kitu msimamizi alimhamisha nyuma ya jengo, kwenye chokaa.

Mama alisikiliza yote haya. Kisha akaokota kipande cha jiwe sakafuni, akaenda kwenye nguzo ya tao, akagonga mara moja na kuweka sikio. Akagonga tena juu kidogo. Akamgeukia fundi mkuu.

"Hata mimi ningetupa," alisema.

Fundi mkuu akacheka mpaka akashika kanzu yake. Baba hakucheka, ila mabega yake yalishuka kutoka mahali yalipokuwa tangu stendi. Mama akatupa kile kipande, akapangusa mikono kwenye gauni.

"Haya. Nionyeshe hiyo chokaa."

Nyuma ya jengo kulikuwa na shimo lililofunikwa kwa mabati. Baba alifunua. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kizito na laini, kama maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Akaanza kueleza, na hapo ndipo niliposikia sauti yake ya Kitengela kwa mara ya kwanza tangu tufike. Alisema mawe ya chokaa yakishachomwa huletwa yakiwa makavu, unayamwagia maji yanachemka yenyewe bila moto, na mtu akisimama karibu bila akili anapoteza macho. Ukishayazima hivyo kwa maji unayaacha shimoni wiki nyingi, unakoroga, unaongeza maji, usiruhusu juu pakauke. Hii unayoiona nimeizima Februari. Ile ya pale bado ni changa, ukijengea nayo itapasua ukuta. Glavu walipewa lakini ziliisha, na mtu huwezi kungoja glavu chokaa inakauka.

Fundi mkuu, aliyekuwa ametufuata, alisema maneno mazuri: kwamba jiwe bila chokaa ni lundo tu, na kwamba jengo zima hili limeshikwa na kazi ya mzee. Alisema kwa nia njema. Baba alimsikiliza kwa heshima, na niliona wazi kwamba maneno yale hayakumfaa kitu. Hakuja Mombasa kushika mawe ya watu wengine. Mama pia aliona. Aliinama akatazama lile shimo kwa muda, kisha akamsaidia kurudisha mabati, mmoja upande huu na mwingine upande ule.

Tulikula halua jioni hiyo kwa akina fundi mkuu, kwa sababu alikataa kabisa tuondoke bila kupitia kwake. Mkewe alimuuliza Mama maswali yote ya hali, na safari hii Mama akayajibu moja moja.

Jumapili iliyofuata tulikuwa Kitengela. Akina mama walimzunguka Mama baada ya ibada wakataka kusikia habari za tao. Nilikuwa nyuma yake nikiogopa jibu lake, kwa kuwa ni yeye aliyelijenga lile tao pale kanisani kwa maneno, tofali kwa tofali, tangu ile simu. Mama alisema, "Hajengi tao. Anapika chokaa. Mikono yake imeisha, mumuombee." Basi. Mmoja akasema oh. Wakamuombea mikono.

Baba alirudi Juni, jengo likiwa halijaisha, akaenda timboni Jumatatu kama aliyekuwa ametoka kula. Wenzake walimtania kidogo kuhusu Mombasa, akawapa kile kisa cha lori yeye mwenyewe, wakalala chini kwa kucheka. Mimi sikuwa na ushujaa huo. Shuleni Kajiado mwalimu wa Kiswahili alitupa insha kuhusu likizo ya Aprili, na mimi, niliyesimama pale barazani nikasikia kila neno, niliandika kurasa tatu kuhusu baba yangu aliyechonga jiwe la juu la tao katika mji wa kale wa Mombasa, na kwamba jiwe hilo litaonekana na wajukuu wa wajukuu. Sikuandika ili kumheshimu. Niliandika kwa sababu wasichana wengine walikuwa na baba wenye kazi za kutajika. Nilipata alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata katika somo hilo, na insha ikasomwa mbele ya darasa.

Likizo ya Agosti Baba alilikuta daftari mezani. Alipenda kutazama alama nyekundu za mwalimu. Akaketi mlangoni penye mwanga, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na nilikuwa nikiosha vyombo nje na niliweza kumwona, na sikuwa na mahali pa kwenda. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaniita, akaniomba kalamu.

Alikata lile neno la kuchonga kwa mstari mmoja ulionyooka. Alikata tao. Akaandika juu yake, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara, kwamba alikuwa anazima chokaa nyuma ya jengo. Akalitazama kidogo. Akaongeza: toka Februari mpaka Juni. Akanirudishia daftari na kalamu.

"Mwalimu alisoma hiyo ingine?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Basi mpelekee na hii."

Nilimpelekea. Ilinichukua wiki mbili za muhula kupata nguvu, lakini nilimpelekea. Mwalimu alifungua ukurasa, akaona ile mistari na zile herufi, akakunja uso. Aliniuliza ni nani aliyeharibu insha nzuri namna ile. Nikamwambia ni baba yangu, na kwamba alivyoandika ndivyo ilivyokuwa.